Mizani Iliwaambia, Hamkuuliza

Enyi wenye chai, kutoka Litein mpaka Mogogosiek, kutoka Kapkatet mpaka Tirgaga, neno hili ni lenu. Zamu ya kampuni kubwa itafika, wala sitazionea haya. Lakini naanza na wewe mwalimu mwenye ekari mbili nyuma ya nyumba, na wewe mzee wa kanisa, na wewe muuguzi, na wewe karani wa kaunti ambaye mshahara wako uko mjini na chai yako iko kijijini. Ninyi ni waajiri. Hamjiiti hivyo, ila ndivyo mlivyo. Mnaajiri kwa simu, jioni: kesho kuna majani, njoo mapema. Na mchumaji akipiga alfajiri kusema amelala na homa, jibu ni lilelile toka Sotik mpaka Ainamoi: sawa, nitatafuta mwingine. Hamtukani wala hamfokei. Mnakata simu tu.

Mama huyo amechuma kwenu misimu mingi. Anajua mistari inayowahi kuchipua na ile inayochomwa na baridi. Vidole vyake vinatambua majani mawili na kichipukizi hata macho yakiwa kwingine. Akilala ndani siku nne, siku ya tano anakuta mtu mwingine katika mstari wake. Hakuna aliyemwambia amefutwa, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwambia ameajiriwa. Anasimama pale na kikapu kitupu, anasalimia, mnamwitikia vizuri, mnamuuliza hali ya watoto, kisha anarudi nyumbani. Jumapili mnakaa naye benchi moja na jina lake linatajwa katika maombi ya wagonjwa. Mnamwomba Mungu amponye, na ninyi mmekwisha kumtoza faini kwa kuugua.

Nasema faini, na sijakosea. Kazi ya chai hulipwa kwa kilo, na asiyechuma halipwi. Kwa hiyo gharama yote ya ugonjwa imewekwa juu ya mgongo uleule ulio mgonjwa. Ugonjwa unamchukulia nguvu, ninyi mnamchukulia ujira, duka linamchukulia heshima kwa sababu deni la unga halijalipwa, na akirudi mnamchukulia na mstari. Ninyi mmepoteza nini? Majani yalichumwa siku hiyohiyo na mtu mwingine, gari la kiwanda likaja, risiti ikatoka.

Wala msiseme hamkujua. Mizani iliwaambia. Hakuna mwajiri katika nchi hii aliye na habari nyingi za mwili wa mfanyakazi wake kuliko mwenye chai. Karani wa benki anaweza kukaa kitini mwezi mzima kichwa kikimpasuka, na meneja asijue. Mchumaji hana pa kujificha. Kila siku mwili wake unatundikwa kwenye mizani pamoja na majani, na namba inaandikwa. Aliyezoea kuleta kilo arobaini akileta thelathini na nne wiki hii, na thelathini wiki ijayo, mvua ni ileile na mistari ni ileile, daftari limekwisha kusema kwamba huyu mtu kuna kitu kinamla. Mmesoma namba hiyo kwa macho yenu. Mkaitafsiri kuwa uvivu.

Jambo hili lilichunguzwa hapahapa Kericho. Mwaka 2004 watafiti walichapisha waliyoyakuta katika kumbukumbu za shamba kubwa la chai. Walifuatilia wachumaji waliofariki au kuacha kazi kwa sababu ya Ukimwi, wakawalinganisha na wenzao waliochuma katika mashamba hayohayo. Katika mwaka mmoja na nusu wa mwisho, wagonjwa walikuwa wakichuma pungufu ya wenzao kwa kilo 4 hadi karibu 8 kila siku. Katika miaka miwili ya mwisho siku zao za ugonjwa ziliongezeka, ruhusa ziliongezeka, na walifanya kazi nyepesi siku 20 hivi zaidi ya wenzao. Kipato chao kilikuwa pungufu kwa asilimia 16 katika mwaka wa pili kutoka mwisho, na karibu asilimia 18 katika mwaka wa mwisho.

Mwaka mmoja na nusu, ndugu zangu! Miezi kumi na minane kilo zilikuwa zikishuka, na kila jioni palikuwa na mkono uliokuwa ukiandika. Walioonekana wazembe walikuwa wanakufa kidogokidogo mbele ya karani. Na wakati ule kule kwenye shamba kubwa angalau palikuwa na kazi nyepesi ya kumpa mtu, na zahanati ya kumpeleka. Tafiti zilizofuata kwa wachumaji wa Kericho zilionyesha kwamba walioanzishiwa dawa za kupunguza makali ya virusi walirudi mistarini, na siku zao za kuchuma zikapanda ndani ya miezi michache tu. Kilo zilishuka kwa ugonjwa, zikapanda kwa dawa. Kwenye shamba lako la ekari mbili, kilo za mchumaji wako ziliposhuka mwaka jana, ulifanya nini? Ulimwambia aongeze bidii. Labda ulimwambia mbele ya wenzake.

Amosi wa Tekoa alikuwa mchungaji wa mifugo na mtunzaji wa mikuyu, mtu wa shamba kama hawa ninaowasemea, na baadhi ya maneno yake makali yaliwaendea wenye kuchezea vipimo. Mnapoyasoma maneno hayo huwa mnamfikiria karani wa kiwanda anayewakata kilo kwa kisingizio cha maji na gunia. Mnampigia kelele, na mna haki. Lakini mizani yaweza kuwa sahihi hadi gramu ya mwisho na bado ikatumiwa kwa dhuluma, ikiwa anayeisoma anatazama jani na kukataa kumtazama mtu aliyelibeba.

Tuzungumze sheria, kwa kuwa wengi wenu mmesoma na hamna udhuru. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 30, inampa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo kazini angalau siku 7 za ugonjwa kwa malipo kamili, na siku 7 nyingine kwa nusu malipo, katika kila miezi 12, mradi alete karatasi iliyotiwa sahihi na daktari au msimamizi wa zahanati, na apeleke habari mapema awezavyo, yeye mwenyewe au kwa kumtuma mtu. Kifungu cha 34 kinamtaka mwajiri ahakikishe mfanyakazi wake mgonjwa anapata dawa. Najua jibu lenu: wangu ni kibarua tu. Kifungu cha 37 kimewangoja hapo. Kibarua ambaye siku zake za kazi mfululizo zimefikia mwezi mmoja, au anayefanya kazi ambayo haiwezi kutarajiwa kuisha kwa muda wa miezi mitatu, mkataba wake huhesabiwa kuwa wa mwezi. Akifanya kazi mfululizo miezi miwili au zaidi, anastahili masharti yaleyale ambayo angestahili kama asingeanza akiwa kibarua. Chai yetu huchumwa mwaka mzima, masika na kiangazi. Niambieni ni shamba gani la chai lililowahi kuisha kwa miezi mitatu.

Mmejenga maficho mengine. Mchumaji mmoja huchuma Jumatatu kwa mwalimu, Jumanne kwa mjane, Jumatano kwa mwakilishi wa wadi, Alhamisi kwa mchungaji. Kila mmoja anasema, mimi namchukua siku moja tu, siwezi kuitwa mwajiri wake. Basi siku anapougua, waajiri wanne wanatoweka kwa mpigo. Anachuma kwa wanne na kuugua peke yake. Tangu Oktoba 2024 bima ya afya ya serikali imekuwa chini ya SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, na kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Ni nani kati ya hao wanne aliyewahi kumuuliza mchumaji kama amejiandikisha? Shilingi 300 kwa mwezi, zikigawanywa kwa nyumba nne, ni shilingi 75. Mnatoa zaidi ya hizo kwa harambee ya vipaza sauti.

Sasa nasikia lile neno ambalo limetumika kuziba kila kinywa: wanadanganya. Kwamba ukitoa siku za ugonjwa, kila mtu ataugua Jumatatu. Kwamba karatasi za hospitali zinauzwa.

Ni kweli, wapo wanaodanganya, na karatasi zinauzwa. Nawe unayeziuza, uliyepewa muhuri wa zahanati ili uwalinde wanyonge, nakukemea kwa jina la kazi yako. Kila karatasi ya uongo unayoitia muhuri unamnyang'anya mgonjwa wa kweli neno lake. Mama mwenye nimonia atakapofika kesho na karatasi halali, msimamizi ataigeuza huku na huku, atacheka, na kicheko hicho umekiuza wewe. Nawe unayeinunua ili ukanywe busaa siku mbili, usijisifu kuwa umeishinda kampuni. Aliyeshindwa ni jirani yako.

Lakini ninyi wenye chai msikimbilie kivuli cha waongo wachache. Tazameni mnachomtaka mkweli akifanye. Ameamka na homa. Mnamtaka apande bodaboda hadi Longisa au Kapkatet, au Kericho mjini, apange foleni hadi saa nane, alipie kadi na vipimo, apate karatasi, apande bodaboda kurudi, na nauli yake ya kwenda na kurudi imepita ujira wa siku anayoidai. Kisha mkishapokea karatasi mnaiweka mfukoni wala hamlipi. Mtu wa namna hiyo, mwenye akili timamu, atafanya nini safari ijayo? Atameza vidonge viwili vya dukani, atavaa gambuti na aproni ya plastiki, na atakuja kazini mgonjwa. Hapo mnafurahi. Mnamsifu kuwa ana moyo wa kazi.

Huyo ndiye ninayemlilia kuliko aliyelala ndani. Nchi hii iko juu, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi ya mwezi wa saba huku si mchezo. Majani yamejaa umande, aproni inazuia maji kifuani lakini mikono na mabega yanalowa, na jasho la kupanda mteremko linapoa mwilini mtu akisimama kungoja mizani. Mwenye kifua kibovu anasimama hapo saa nzima. Anakohoa katika foleni ya watu thelathini, na kama kikohozi hicho ni kifua kikuu, gharama yake haitakuwa ya mtu mmoja. Mjamzito anabeba mtoto mbele na kikapu nyuma, anakificha kitumbo chake chini ya aproni kwa sababu kikijulikana ataambiwa akapumzike, na kupumzika maana yake hakuna pesa. Yuko mwanamke aliyeharibikiwa na mimba Ijumaa na Jumatatu akawa mstarini. Ninyi akina mama wenye mashamba, ninyi mliozaa, mlimwona anavyotembea. Mlijua.

Yuko na yule ambaye ugonjwa wake hauna homa. Amefiwa, au mume amemwacha na madeni, au usingizi umemkimbia miezi mitatu, na mawazo yamemlemea mpaka hata kuchana nywele ni kazi kubwa. Kilo zake nazo zimeshuka. Mizani hupima huzuni vilevile inavyopima malaria. Huyu mnamwita mlevi kabla hajaonja pombe, na akishaionja mnasema tulijua. Hapa nawakemea na ninyi wachumaji, kwa sababu dhihaka nyingi hutoka kwenu. Mwenzenu anapochelewa kufika kwenye mstari mnapigana viwiko na kusema amezoea ugonjwa. Mwanamume akisema mgongo unamuuma mnamwita mama. Mmechukua kiboko cha nyapara na kuchapana wenyewe kwa wenyewe, bure, bila hata nyongeza ya shilingi.

Sasa kampuni.

Mmekaa juu ya vilima hivi tangu miaka ya 1920, mmebadilisha majina na wenye hisa mara nyingi, na hospitali zenu na zahanati zenu nazikiri kuwa ni kitu. Kuna vijiji vizima vilivyotibiwa huko. Kumbukumbu zenu za wagonjwa ni nzuri kiasi kwamba wanasayansi wamezitumia kueleza jinsi malaria ya nyanda za juu ilivyorudi na kujaza wodi katika miaka ya 1990. Mnajua kuhesabu. Kwa hiyo nawauliza juu ya migongo. Zaidi ya wachumaji elfu moja waliochumia James Finlay (Kenya), kampuni iliyosajiliwa Scotland, waliungana kufungua kesi mahakamani Edinburgh, wakidai kwamba miaka ya kuinama na kubeba mizigo mgongoni katika miteremko imewaharibu uti wa mgongo. Kampuni iliyapinga madai hayo. Mwaka 2022 mawakili wa pande zote walivutana kuhusu ni mahakama ya nchi ipi yenye mamlaka, na Novemba 2023 majaji wa rufaa wa Scotland waliisimamisha kesi ili wachumaji wapitie kwanza utaratibu wa Kenya chini ya WIBA, sheria ya fidia ya wanaoumia kazini ya mwaka 2007. Sitatoa hukumu juu ya jambo ambalo mahakama haijalihukumu. Ila nauliza: kwa nini mtu wa Kericho alilazimika kuupeleka mgongo wake Edinburgh? WIBA ilikuwapo tangu 2007. Inamtaka kila mwajiri awe na bima ya wafanyakazi wake, na ajali na magonjwa ya kazini yaripotiwe kwa mkurugenzi wa usalama na afya kazini. Mgongo hauvunjiki siku moja ukaonekana. Unaisha taratibu, kilo kwa kilo, na kila kilo iliandikwa.

Februari 2023 BBC ilionyesha uchunguzi wake juu ya mashamba ya chai ya Kericho, ambamo wanawake zaidi ya 70 walisema walidhulumiwa kingono na wasimamizi wao katika mashamba ya kampuni mbili kubwa. Wengi walishtuka, wengine wakajifanya wameshtuka. Mimi nataka tuuone mzizi ambao haukuzungumzwa sana. Mahali ambapo kupumzika si haki bali ni hisani ya mtu mmoja, hisani hiyo hupata bei. Nani atapewa kazi nyepesi wiki hii? Nani ataandikwa mgonjwa na nani ataandikwa mtoro? Sheria ya Ajira, kifungu cha 44, inaruhusu kumfukuza mara moja anayekosekana kazini bila ruhusa wala sababu halali. Basi yule anayeamua kama sababu ni halali, akiwa peke yake kati ya vichaka, bila shahidi, bila rufaa, ameshika riziki ya mwanamke mkononi. Mlimpa msimamizi kalamu hiyo, na hamkuwahi kumuuliza anaitumiaje. Sera ndefu za kupinga dhuluma mlizibandika ofisini kwa lugha ambayo mchumaji haisomi. Mngeanza kwa kumwondolea msimamizi uwezo wa kuamua nani anaumwa.

Na mashine zenu zile za kuchuma chai. Mei 2023 zilichomwa moto Kericho, na vijana waliozichoma waliona wanachomewa maisha yao. Siungi mkono moto. Lakini jueni hofu ya mashine imefanya nini kwa wagonjwa: anayeumwa mgongo hasemi tena. Anajua akisema, atakuwa ametoa sababu ya kuleta mashine nyingine, na wenzake watamlaumu. Kimya mnachokiona katika takwimu zenu za utoro kinatokana na hofu hiyo. Msikiripoti kwa wenye hisa kama afya njema.

Narudi kwenu, watu wa nyumbani, maana kwenu ndiko kidonda kilipo. Sisi ni watu tuliodhulumiwa. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai, ikawapeleka Gwassi kwenye joto na mbung'o, wazee na watoto, na vilima vyao vikabaki na chai ya wengine. Tumelilia jambo hilo hadi Umoja wa Mataifa, na Agosti 2022 likapelekwa katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu huko Strasbourg. Nimeliunga mkono na nitaendelea kuliunga. Tumewaambia Waingereza kwamba mwili wa binadamu si chombo cha kutumia na kutupa, kwamba waliougua na kufa Gwassi walikuwa na majina. Sasa mchumaji katika shamba lako, aliyetoka Kisii au Nyamira au ng'ambo ya mto tu, asiye na shangazi hapa wa kumkorogea uji akilala, ana jina? Ulimwandika katika daftari lako kwa jina, au kwa alama tu? Tutasimamaje mbele ya majaji wa Strasbourg na kudai haki ya mababu, ilhali hapa nyuma ya nyumba tunamfutia mtu mstari kwa sababu ya homa ya siku nne? Waliomiliki vilima hivi kabla yetu nao walisema, kuna wengi wa kufanya kazi hii.

Mtasema bonasi ni ndogo. Kila mwaka ikitangazwa na kuonekana iko chini ya ile ya upande wa Mlima Kenya, mnajaa barabarani, na hasira yenu ina msingi. KTDA, shirika linalosimamia chai ya wakulima wadogo, ina wakulima zaidi ya 600,000, na wengi wao ni wa vipande vidogo kama vyenu. Sikatai kwamba mfuko ni mwembamba. Lakini umaskini wa mwenye shamba hauwi ruhusa ya kumnyima aliye maskini kuliko yeye. Yakobo aliandika juu ya ujira wa wavunaji uliozuiliwa, na hakuweka kando wenye mashamba madogo.

Tena njia mnayo, na mmekuwa mkiitumia kwa jambo lingine. Kila mwaka mnachukua mbolea ya NPK kupitia kiwanda, na hamtoi hata ndururu mkononi. Inakatwa katika malipo ya chai yenu, hadi deni liishe. Usafiri wa majani unakatwa vilevile. Mmekubali wote, mwenye vichaka mia tano na mwenye elfu nne, kwamba kichaka lazima kilishwe na kwamba gharama yake igawanywe kwa kilo. Hakuna aliyesema kichaka kinadanganya. Hakuna aliyekitaka kilete karatasi. Kichaka kikipauka majani mnaita afisa wa ugani. Mkono unaokichuma ukipauka, mnatafuta mkono mwingine.

Kila kituo cha kununulia chai kina kamati, na kamati ina mwenyekiti, na wengi wenu mnamjua kwa jina la utani. Mkutano ujao, kabla ya kuzungumzia barabara na gari linalochelewa, wekeni hili mezani: senti hamsini kwa kila kilo, ikatwe kama mbolea inavyokatwa, iingie katika mfuko wa wachumaji wa kituo hicho. Muwaandikishe wote kwa majina, yule wa mwalimu na yule wa mjane, na wale wanaochuma kwa nyumba nne wahesabiwe kuwa wa kituo, ili asiwepo wa kusema si wangu. Walipiwe SHA. Wapewe siku zao 7 na nusu zao 7. Neno la mgonjwa lisiamuliwe na mwenye shamba wala msimamizi. Liamuliwe na muuguzi wa zahanati iliyo karibu, au na mhudumu wa afya wa kijiji kwa homa za siku mbili, ili mtu asilipe nauli kubwa kuliko ujira anaoudai. Na karani anayepima, akiona kilo za mtu zimeshuka wiki mbili mfululizo wakati wenzake wamebaki palepale, awe na wajibu wa kumwita pembeni na kumuuliza hali yake, kwa adabu, bila watu kusikia.

Kampuni ninyi hamhitaji kungoja mkutano wa kamati. Mna wanasheria, mna madaktari, mna daftari za karibu miaka 100. Wekeni mstari wa mgonjwa wazi mpaka arudi. Mpeni mtu asiye msimamizi kalamu ya ruhusa ya ugonjwa. Kila mchumaji aliyetimiza miaka kadhaa chini ya kikapu apimwe mgongo kabla hajalalamika, na atakayekutwa ameharibika aripotiwe chini ya WIBA mwezi huohuo, na ninyi wenyewe, bila kungoja aungane na wenzake elfu moja.

Na wewe uliyesoma mpaka hapa, unamjua aliye ndani wiki hii. Mstari wake umempa mwingine tangu Jumanne. Mpigie simu leo, kabla ya giza, umwambie mstari ni wake na siku zake utazilipa, kisha umtumie hizo pesa kwa M-Pesa kabla hujalala.